Mashine Ilisema Nyumbani ni kwa Saruni

Ngorongoro,
6 Juni 1988

Baba Germana,

Barua yako ilifika Ijumaa. Imelowa pembeni lakini inasomeka. Nashukuru umepata chumba na wenzako wawili, na kwamba joto la Dar umeanza kulizoea. Huku ni baridi tupu. Ukungu unaingia mpaka ofisini, nami nakuandikia nikiwa nimevaa koti lako la kijani, na mikono yake nimeikunja mara mbili.

Germana yuko kwa Mama, Endamarariek, na hajambo. Akisikia ndege inapita anaipungia mkono, anasema baba yake yumo. Hakuna anayemkatalia.

Sasa kazi. Tangu uende masomoni na Bwana Patrisi anikabidhi kiti chako, mambo yalikuwa yanakwenda. Wiki hii nimekwama. Unakumbuka tulikuwa na vioo viwili vya kuingilia kwenye kompyuta. Kimoja kimekufa: jenereta ilirusha umeme, kikatoa moshi, basi. Tumebaki na kimoja, mimi na Saruni. Na dizeli ni ya kubembeleza, jenereta inawashwa saa kumi jioni na kuzimwa saa moja. Saruni akipanda kutoka kreta anaingiza hesabu ya faru aliowaona, kisha ananipisha kiti, nami naendelea papo hapo.

Shida ni ile programu yako ya kujumlisha. Zamani ilimaliza hesabu ikaweka ripoti kwenye saraka yangu, pale mafaili yangu yanapokaa. Sasa ikifika mwisho inaniambia sina ruhusa ya kuandika, inakufa, na jumla yote inapotea. Nimejaribu siku nne. Mkutano na wafadhili ni mwisho wa Agosti na Bwana Patrisi ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Saruni amejaribu kunisaidia, lakini yeye anajua wanyama zaidi kuliko mashine. Ungemwona anavyowaandika! Kila faru anamjua kwa sura yake, sikio, mkunjo wa shingo, anavyogeuka akisikia gari. Sikujua kwamba mtu anaweza kumjua mnyama hivyo.

Niambie nifanye nini.

Wako,
Lusia


Dar es Salaam,
20 Juni 1988

Mama Germana,

Nimepokea barua. Mbusu mtoto, na Mama mpe salamu zangu.

Usihangaike. Tatizo lako ni dogo, hapa tunashughulika na makubwa zaidi kila siku. Kompyuta ya chuo inachukua chumba kizima chenye kiyoyozi, nami niko mbele yake asubuhi mpaka jioni. Ukirudi nyuma ukafikiri, utaona kwamba programu yangu haiwezi kukosea. Niliiandika mwenyewe na ilifanya kazi mwaka mzima. Kuna kitu mmegusa.

Fanya hivi. Kabla ya kuiendesha programu, andika neno env. Mashine itakuandikia mistari mingi inayoonyesha mazingira unayofanyia kazi: jina ulilojiandikisha nalo, mahali ulipo, na nyumbani kwako, yaani saraka yako. Chapa yote kwenye karatasi unitumie. Usifute kitu wala kupunguza.

Saruni namfahamu, tumefanya kazi pamoja miaka mitano, sihitaji kuelezwa anavyowatazama faru. Mwambie abaki na wanyama wake. Mashine si ya kila mtu.

Mumeo,
Felisiani


Ngorongoro,
4 Julai 1988

Baba Germana,

Karatasi hiyo hapa, imekunjwa ndani ya bahasha. Nimechapa yote kama ulivyosema, sikupunguza hata nukta. Niliichapa Alhamisi saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, saa imejiandika juu kabisa. Mimi sioni maana yake, wewe utaiona.

Jumamosi nilikwenda kumwona Germana. Saruni alikuwa anashuka Karatu kuchukua mafuta akanipa lifti, na alipopata habari kwamba mtoto alikuwa na kikohozi alinisubiri mpaka tukampeleka zahanati. Sasa kikohozi kimekwisha. Tulirudi tumechoka, lakini njiani alitufurahisha mimi na dereva kwa hadithi ya faru jike mwenye sikio lililochanika, aliyemfukuza mtalii mmoja mpaka akapanda juu ya gari na viatu vikabaki chini. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ulikuwa muda mrefu sijacheka.

Jibu haraka, tafadhali. Agosti si mbali.

Lusia


Dar es Salaam,
18 Julai 1988

Lusia,

Nimeisoma karatasi yako mara nyingi kuliko kitabu chochote hapa chuoni.

Ulisema huoni maana yake. Mimi nimeiona. Mstari wa pili: LOGNAME=saruni. Mstari wa tatu: HOME=/u/saruni. Mstari wa saba, mahali ulipo: PWD=/u/saruni/faru. Mke wangu anakaa mbele ya mashine karibu saa moja usiku, mashine inaulizwa huyu ni nani, inajibu Saruni. Inaulizwa nyumbani kwake ni wapi, inajibu kwa Saruni. Inaulizwa yuko wapi sasa hivi, inajibu yuko ndani kwa Saruni.

Mashine haina sababu ya kunidanganya.

Ili uingie kwa jina la mtu lazima uwe na neno lake la siri. Mimi neno langu sikukupa hata wewe, mke wangu wa ndoa. Saruni amekupa lake. Ulimlipa nini?

Binamu yangu Clemensi ameniandikia pia. Alikuona Karatu ukishuka kwenye Landrover unacheka, umeshikilia kofia ya mtu. Nilitaka kumpuuza. Kisha barua yako ikafika, na wewe mwenyewe ukaniandikia juu ya kicheko hicho kama mtu anayeniletea zawadi.

Hapa nina joto, nina mbu, nina wenzangu wawili wanaokoroma, na kila ninapofumba macho nakiona kile kioo kimoja na watu wawili.

Sitaki maelezo marefu. Nataka kujua ni tangu lini.

Felisiani


Ngorongoro,
1 Agosti 1988

Felisiani,

Nilisoma barua yako nimesimama pale posta, nikairudia nimekaa chini.

Hakuna tangu lini. Sijui neno la siri la Saruni na sijawahi kuliuliza. Kwa nini mashine inasema nyumbani kwangu ni kwa Saruni, sijui. Wewe ndiye mtaalamu, nilikutumia karatasi ili unieleze. Ninachojua ni kwamba ninalala nyumbani kwetu, kwenye kitanda ulichokitengeneza kwa mbao za Mbulumbulu, na upande wako nimeuwekea nguo za kupiga pasi kwa sababu ukiwa mtupu sipati usingizi.

Kofia ilikuwa ya Germana.

Ripoti haijatoka. Nimeanza kujumlisha kwa mkono.

Lusia


Dar es Salaam,
9 Agosti 1988

Mkuu wa Kituo,
Mradi wa Hesabu ya Wanyama,
Ngorongoro.

Ndugu,

YAH: MATUMIZI YA KOMPYUTA KINYUME CHA UTARATIBU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi, nikiwa mtunza kompyuta wa mradi niliyeko masomoni, nimepata ushahidi wa maandishi kwamba askari wa wanyamapori Saruni amekuwa akimruhusu mtumishi mwingine kutumia jina lake na neno lake la siri baada ya saa za kazi. Nakala ya ushahidi naiambatanisha. Jambo hili linaweza kuharibu takwimu za faru, na pia si zuri kwa maadili ya watumishi wa kike na wa kiume wanaobaki peke yao ofisini.

Napendekeza askari huyo apangiwe kazi mbali na ofisi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Felisiani Gwandu


Ngorongoro,
12 Septemba 1988

Felisiani,

Umesahau kwamba barua zote za ofisi ninazifungua mimi. Naziandikisha kwenye rejesta, napiga mhuri wa tarehe, naziweka mezani kwa Bwana Patrisi. Barua yako ya tarehe tisa niliifungua mimi, nikaipiga mhuri mimi. Nilifikiri kuichana. Nikaona nikiichana nitakuwa nimefanya kosa la kwanza katika jambo hili, nikaipeleka.

Bwana Patrisi aliisoma mbele yangu. Aliona haya. Aliniuliza, "Mama Germana, kuna maneno hapa?" Nikamwambia hakuna. Akasema anaamini, lakini wafadhili wanakuja, hataki maneno yawe yanazunguka. Saruni alipewa siku mbili. Amehamishiwa Engaresero, kule kwenye Ziwa Natron, kwenye kambi ya doria ya watu watatu. Hakuna faru kule. Naisenya, mke wake, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Saruni hakuja kuniuliza. Alipita dirishani na godoro lake begani, akaniambia, "Yule jike, Sikio, nimemwacha na ndama, karibu na msitu wa Lerai. Mwambieni atakayekuja asimsogelee upande wa kushoto, haoni vizuri." Akaenda.

Sasa nisikilize, maana nimefanya kazi ambayo ilikuwa yako.

Nilichukua kitabu kikubwa cha mashine ulichokiacha kabatini. Kiingereza chake ni kigumu, nilikisoma na kamusi wiki tatu. Nilisoma habari za ile programu wanayoiita sheli. Si ya kuuza petroli, ni ile inayokaa ikisubiri amri zetu. Nimeelewa hivi: kila sheli inazaliwa na programu nyingine iliyotangulia, na inapoanza tu inarithi mazingira ya aliyeizaa. Haianzi ukurasa mpya.

Mimi na Saruni tulikuwa na saa tatu tu za umeme. Kufunga kazi yake na kufungua yangu kulichukua muda, hasa mashine ikiwa imechoka. Yule mtafiti mgeni aliyeondoka Machi alimwonyesha Saruni njia ya mkato: yeye anaacha kazi yake wazi, mimi naandika su lusia na neno langu la siri. Langu, Felisiani. Mashine inaanzisha sheli mpya kwa ajili yangu juu ya sheli yake. Mtumiaji anakuwa mimi. Lakini sheli yangu imezaliwa na sheli ya Saruni, kwa hiyo inakuta HOME imeshaandikwa /u/saruni, inaipokea. Haiulizi. Haiendi kutazama orodha ya watumiaji kuona Lusia anakaa wapi. LOGNAME vilevile. Na kwa kuwa Saruni alikuwa amekaa kwenye saraka yake ya faru aliponipisha, mimi nami nilianzia hapo.

Nikataka kujua kama inapokea kila kitu namna hiyo. Nikaiwekea uongo kwa makusudi. Kwenye PWD, mahali ulipo, nikaandika mahali ambapo sikuwepo. Kwenye HOME nikaandika /u/shetani. Kisha nikaanzisha sheli mpya. Mahali nilipo ilikagua: ikaona jina halilingani na ukweli, ikalitupa na kujitafutia lenyewe. Nyumbani haikukagua. Ilikubali kwamba mimi ni wa kwa shetani.

Na programu yako isiyoweza kukosea ilikuwa inaweka ripoti popote HOME inaposema. Ilikwenda kuandika kwenye saraka ya Saruni. Mashine ikakataa, kwa sababu aliyekuwa anaandika si Saruni, ni Lusia.

Hapo ndipo uchungu ulipo. Kama ningekuwa nimeingia kwa jina la Saruni na neno lake la siri, nisingekatazwa kuandika kwa Saruni. Lile kosa nililokulilia tangu barua ya kwanza ndilo lililokuwa linanitetea. Ulikuwa nalo mkononi. Ungelifikiria kwa nusu saa tu kama fundi.

Dawa yake ni kistari kimoja: su - lusia. Ukiweka kistari, mashine inaanza upya kana kwamba nimetoka nje na kuingia kwa mlango wangu mwenyewe. Na programu yako nimeirekebisha, sasa haiulizi HOME, inatafuta saraka ya mtu kwenye orodha ya watumiaji. Ripoti ilitoka siku moja kabla ya mkutano.

Nenda kwenye mashine yenu kubwa yenye kiyoyozi ukajaribu mwenyewe. Usiniandikie mpaka ujaribu.

Lusia


Dar es Salaam,
30 Septemba 1988

Mama Germana,

Nimejaribu. Nilimwomba mwenzangu aingie kwa jina lake, kisha nikaandika su na jina langu bila kistari. Nikaandika env. Nyumbani kwangu kukawa kwake. Nikaweka kistari, nyumbani kwangu kukawa kwangu.

Ngoja nikwambie na mengine, kwa kuwa sasa sina cha kulinda.

Sikai mbele ya kompyuta asubuhi mpaka jioni. Tuko wanafunzi arobaini na mbili. Zamu yangu ni Jumanne, saa moja tu, na umeme ukikatika zamu imekwenda. Jaribio hili lilinichukua Jumanne mbili. Siku nyingine tunaandika programu kwenye madaftari kwa penseli na mwalimu anazisahihisha kwa wino mwekundu, kama insha. Mtihani wa katikati ya mwaka nilipata alama thelathini na nane. Sikukwambia.

Barua yako ya kwanza ilipofika, kabla sijamfikiria Saruni, kuna kitu kilinichoma. Ulisema umekaa kwenye kiti changu. Ulisema mambo yanakwenda. Nilitamani yasiende. Nilitamani uniandikie kwamba kila kitu kimesimama mpaka nirudi. Ulipokwama nilifurahi, Mungu anisamehe, nikakaa kukujibu kama mwalimu mkuu. Kisha ukaanza kumsifu yule bwana na macho yake ya kuwatambua faru, na mimi katika miaka minne ya ndoa sikumbuki umewahi kuniandikia sifa ya namna ile. Karatasi ilipokuja na jina lake mistari mitatu, nilikuwa nimeshaiandaa hukumu, nilikuwa nimekosa tu mahali pa kuiandika.

Ulisema ningefikiri nusu saa kama fundi. Sikuwa fundi. Na hata sasa, nikisoma uliyoyaandika juu ya sheli, nusu yangu inajivunia na nusu inaumia kwamba si mimi niliyeyagundua. Nakwambia ukweli, hata kama ni mbaya.

Nimemwandikia Bwana Patrisi leo kwamba nilikosea, na kwamba Saruni hana hatia. Niambie nifanye nini kingine.

Felisiani


Ngorongoro,
17 Oktoba 1988

Baba Germana,

Barua yako kwa Bwana Patrisi ilifika, nikaipiga mhuri kama ile ya kwanza. Ameandika Saruni arudishwe, lakini amri ikitoka huku inapita Arusha kabla ya kufika Engaresero. Huenda ikawa Januari.

Imechelewa kwa jambo moja. Sikio ameuawa.

Askari aliyeshika nafasi ya Saruni si mtu mbaya, ila faru kwake ni faru. Kwa siku kumi na tisa alileta karatasi inayosema jike mwenye ndama ameonekana, Lerai. Mimi niliingiza hesabu hiyo kwenye mashine kila jioni, mikono yangu hii, na jumla ilitoka sawasawa bila kosa lolote. Kumbe alikuwa anamwona jike mwingine. Sikio alikuwa amelala nyuma ya kichuguu, pembe zimekatwa. Ndama alikuwa ameliwa na fisi. Saruni angejua siku ya kwanza.

Simaanishi kwamba wewe ndiye uliyeshika bunduki. Lakini sitaki tujifanye kwamba barua yako ilikuwa karatasi tu.

Habari yangu sasa. Wafadhili walipoona ripoti waliuliza nani aliyerekebisha programu. Bwana Patrisi akanionyesha kwa kidole. Wamenipa nafasi ya kozi Nairobi, miezi sita, kuanzia tarehe tano Novemba. Nimekubali. Ukimaliza chuo Desemba utanikuta sipo. Germana atabaki na Mama, na wewe utakuwa naye karibu.

Bwana Patrisi aliniuliza nikirudi nani atakuwa mtunza kompyuta, wewe au mimi. Nikamwambia ni mimi. Wewe utakuwa msaidizi. Sikukuuliza kwanza kwa sababu nilijua nikikuuliza nitalainika.

Umeuliza ufanye nini kingine. Kabla hujaingia nyumbani, kabla hujamshika mtoto, nenda Engaresero. Usimwandikie. Nenda.

Lusia


Ngorongoro,
8 Januari 1989

Mama Germana,

Nimekwenda.

Kutoka Mto wa Mbu nilipata lori mpaka Engaruka, na kutoka hapo nikatembea siku moja na nusu nyuma ya akina mama waliokuwa wanarudi na punda waliobebeshwa mahindi. Vumbi la kule ni jeupe na linawasha. Viatu vyangu vya Dar viliachia soli siku ya kwanza, mmoja wao akanifungia kwa kamba ya ngozi.

Saruni alikuwa anashona tairi. Alinitazama akasema, "Felisiani. Umekonda."

"Nimekuja kwa sababu ya ile barua," nikasema.

"Kaa. Kunywa maji kwanza."

Nilikunywa. Alinisubiri nimalize, akaniuliza, "Tumefanya kazi miaka mitano. Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa mke?"

"Wa mke. Na wa kiti changu. Na wako wewe, kwa jinsi alivyokuwa anakusifu."

Hakucheka. Aliendelea kuvuta uzi. "Naisenya alizaa mimi nipo huku," akasema. "Mtoto wa kiume. Nilimwona ana wiki sita, akalia aliponiona, kwa kuwa hanijui. Habari ya emuny, yule faru wangu, niliisikia kwa mtu aliyekuwa anauza chumvi. Unajua nilifanya nini? Nilimwonea wivu yule askari. Yeye alikuwa anapita pale kila siku, karibu naye, na mimi niko hapa natazama maji ya chumvi. Kwa hiyo wivu naujua. Lakini mimi sikumwandikia mtu."

Nikamwambia nitamwomba Bwana Patrisi aichome barua yangu, isibaki kwenye faili lake.

"Usiichome," akasema kwa ukali, mara ya kwanza akapandisha sauti. "Ukiitoa, watu watasema Saruni alihamishwa na hakuna anayejua kwa nini, na kila mmoja ataweka sababu yake. Iache pale pale. Andika nyingine. Andika ulivyofanya, na kwa nini, uiweke juu yake. Mtu akifungua faili langu aanze na hiyo."

Nililala kambini kwao. Asubuhi alinisindikiza mpaka korongo la kwanza, hakunipa mkono, alisema tu, "Sidai," yaani vyema kwa Kimaasai, akageuka.

Nimeiandika, kurasa mbili. Nimeandika neno wivu kwenye barua rasmi. Bwana Patrisi aliniuliza kama kweli nataka neno hilo libaki kwenye faili la serikali. Nikamwambia libaki.

Kisha nikaenda Endamarariek. Germana alinipungia mkono kwa mbali, kama anavyoipungia ndege, akakimbilia kwa Mama. Ilichukua siku tatu kunikaribia.

Kazi ya usaidizi nimeikubali. Nakuwekea mafaili yako safi.

Felisiani


Nairobi,
22 Januari 1989

Baba Germana,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, mwenzangu wa chumbani hajui Kiswahili cha kwetu akafikiri nasali.

Sitasema yamekwisha. Nikikumbuka nilivyokaa chini pale posta bado nakasirika, na hasira hiyo inakuja hata siku nzuri. Lakini ulitembea. Na ulimwambia kuwa ni wivu, hukumwambia kuwa ni takwimu.

Hapa tuko kumi na wawili, mimi mwanamke peke yangu. Kuna bwana mmoja wa Kisumu anajua mambo haya kuliko mwalimu, na ananifundisha. Nakutajia kwa sababu sitaki kuanza kupunguza maneno katika barua zangu. Nikiishi kwa kuchagua nini nikwambie na nini nikufiche, basi tutakuwa tumeachana tukiwa bado tumeoana.

Mbusu Germana.

Lusia


Ngorongoro,
19 Februari 1989

Mama Germana,

Bwana wa Kisumu ameniharibia Jumatano nzima. Nakwambia ili ujue. Alhamisi nilikuwa nimepata nafuu.

Saruni amerudi. Amemleta Naisenya na mtoto, wanakaa nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Kioo cha pili kimetengenezwa, kwa hiyo kila mtu ana chake, na saa kumi jioni jenereta ikiwaka tunakaa mimi huku yeye kule, tumepeana migongo. Anaingiza faru wake. Nami najumlisha. Hatuongei sana. Juzi aliniuliza kama naweza kuongeza kwenye fomu sehemu ya kuandika askari amemjuaje mnyama, kwa sikio, kwa pembe au kwa nini. Nikaongeza. Akasema itasaidia.

Germana amerefuka sasa na ameanza kuniita baba bila kuambiwa.

Jana posta walinikabidhi bahasha mbili zenye mwandiko wako. Moja yangu, moja ya Saruni. Nilizishika zote mbili nikapanda nazo kwenye lori la maziwa. Yake ilikuwa nene. Niliipima kwa mkono njia nzima, kutoka Karatu mpaka geti, na kutoka geti mpaka ofisini. Mahali fulani gundi ilikuwa imeachia kidogo, kidole kingeingia.

Nilipofika alikuwa mezani kwake. Kutoka mlangoni mpaka pale ni hatua kama kumi na mbili. Nilisimama mlangoni muda mrefu, mpaka akainua kichwa na kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, una barua. Nikampa. Nikarudi kwenye kiti changu, nikampa mgongo, nikasikia anavyoifungua, karatasi baada ya karatasi, na mara moja nikasikia anacheka.

Sikumwuliza imeandikwa nini. Na wewe usiniambie.

Mumeo,
Felisiani